Boti Kutoka Karatu

Miguu yangu imekuwa ikiwasha tangu utotoni. Mama mkwe, mkulima wa Baray asiyependa maneno mengi, alinitazama wiki ya kwanza ya ndoa yangu akasema, "Mtembezi hula miguu yake." Hakukosea. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Karatu, na kila gari la watalii lililopita kuelekea kreta lilinitia wivu mpaka chaki ikavunjika mkononi.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari hayo hayo. Yeye alipapenda nyumbani: ukungu wa asubuhi, udongo mwekundu, ng'ombe wetu wawili. Nilimsumbua miaka mitatu. Mwishowe, kwa kuchoka nadhani, tukaafikiana. Ataunda boti, tuishushe Tanga, tupite kandokando ya pwani mpaka Lindi. Boti ikifika, tunahamia huko. Ikishindwa, tunarudi Karatu na mimi sitataja tena habari za kuhama.

Aliiunda uani kwetu, miaka ile ya sabini ambapo hata dizeli ilipatikana kwa kujuana. Injini ilitoka kwenye kinu cha mahindi kilichokufa. Majirani walikuja kutucheka. "Fundi, gharika ni lini?" Tuliijaribu Ziwa Eyasi mwaka wa mvua nyingi, ikakimbia vizuri. Kiangazi kilichofuata tukarudi kuijaribu tena, ziwa halikuwepo. Palikuwa na magadi meupe, na punda wa mtu akitembea pale pale tulipoelea.

"Maji yamekwisha, Mwalimu," alisema fundi, kwa sauti ya mtu asiyehuzunika sana.

Lori lilitushusha Tanga adhuhuri, na saa ile ile tukaingia majini. Siku ile sikukaa chini hata mara moja. Nilimnyang'anya usukani, nikamrudishia, nikauliza kila rasi iliyojitokeza kama ndiyo Pangani. Injini ilidunda kama inasagia kijiji kizima. Jioni tukatia nanga kwenye ghuba tulivu, tukalala humo humo botini.

Asubuhi tuliisogeza boti mpaka karibu na ufuko, nikashuka kutafuta kuni za chai. Nilikawia, maana siwezi kuona njia nisiifuate. Niliporudi, bahari haikuwepo. Boti ililala ubavu juu ya mchanga, na matope yalitanda mpaka macho yanapoishia.

"Maji yamekwisha, Mwalimu. Kama Eyasi."

Nilimwamini. Mwalimu mzima, niliyefundisha jiografia! Kitabuni nilisoma habari za maji kupwa na kujaa, lakini macho yangu yalijua ziwa moja tu. Yeye alishafungua nati nne za injini na kuchomoa shafti, kile chuma kinachotoboa sakafu ya boti kwenda kuzungusha rafadha majini, ili tutafute lori la kuirudisha nyumbani. Na alikuwa anapiga mluzi. Tangu tuafikiane sikuwa nimeusikia mluzi ule. Nilikaa mchangani nikalia kwa hasira.

Akatokea mama mmoja mwenye fimbo ya kuvulia pweza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona mnaichinja boti?"

Fundi alimweleza. Yule mama alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Bahari haiishi, baba. Imekwenda kutembea tu. Kabla ya alasiri itakuwa hapa, na hilo tundu litawazamisha."

Tundu la shafti lilikuwa pana kama ngumi. Mluzi ulikatika. Mbali kabisa tuliona tayari mstari mweupe ukija. Fundi angeweza kujivuta. Angeweza kupoteza nati moja matopeni, bahari ikaimaliza boti, tukarudi Karatu, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alijitupa chini ya boti, matope mpaka masikioni, akasukuma shafti mahali pake huku maji yakimlamba kifundo. Kisha akapanda kukaza nati.

"Iache," nilisema, na sijui hadi leo kama nilimaanisha.

"Ahadi ni deni, Mwalimu. Nipe spana namba kumi na saba."

Boti iliinuka, ikaelea. Alifuta mikono, akaniuliza, "Kusini?"

Nilijua anachokitaka. Mluzi ulikuwa umeniambia yote.

"Kusini," nikasema.

Tulifika Lindi, tukahamia. Alitengeneza injini za wavuvi, hakulalamika hata siku moja, wala sikumsikia akipiga mluzi. Mwaka wa nne miguu ikaanza kuwasha tena. Asubuhi moja tukinywa chai nikamwambia nimepachoka, turudi Karatu.

Hakuuliza sababu. Aliacha kikombe nusu, akachukua spana, akaenda kuifungua injini ya boti yetu ili tuisafirishe. Nilikuwa nafunga sanduku niliposikia, hata nati ya kwanza haijatoka, mluzi ule ule. Nikaihesabu miaka yote ya Lindi aliyokaa bila kuupiga, nikakaa juu ya sanduku, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu miguu ilikataa kuinuka.