Hewa ya Kunde

Nilipopunguzwa kazi katika shirika la umma mjini Dodoma, nilihamia kijijini kwa mke wangu, upande wa Chamwino, nikiwa na suti moja, cheti cha kidato cha nne, na imani kwamba mtu aliyewahi kuwa karani wa ghala hawezi kushindwa na shamba. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mashirika yalifungwa, maduka yakajaa sabuni na mitumba, na sisi tuliozoea kusubiri mshahara tukaambiwa kila mtu ajitafutie. Mtama wangu wa mwaka wa kwanza ulikauka ukiwa umefika magotini. Wa mwaka wa pili haukufika hata hapo.

Kwa hiyo alipokuja mtaalamu wa udongo, dada mmoja kutoka Bukoba aliyekuwa akifanya utafiti wa chuo, akauliza ni mkulima gani anaweza kusoma mizani na kuandika tarakimu zinazosomeka, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza swali.

Shamba langu tuliligawa sehemu mbili. Upande mmoja mtama mtupu, udongo wazi kama kawaida yetu. Upande wa pili mtama na kunde zilizotambaa katikati ya mistari mpaka ardhi isionekane. Alitaka kujua mambo mawili. Kwanza, kama kunde zinalinda maji ya udongo dhidi ya jua, au zinayanywa zenyewe na kuuibia mtama. Pili, udongo unatoa hewa gani.

"Udongo unapumua, baba," alinieleza.

Alisema kunde zinautia udongo mbolea, na udongo wenye mbolea ukilowa hutoa hewa inayopanda angani na kuongeza joto la dunia. Hakutaka watu wahimizwe kupanda kunde ili kuokoa maji, kumbe huku wanachochea joto, bila mtu kujua ni kwa kiasi gani. Nilikubali kila alichosema. Ningekubali hata kama angesema udongo unakoroma.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi na ya kushangaza. Nilipiga bomba la chuma ardhini, nikatoa udongo, nikaupima uzito ukiwa mbichi, nikaukausha, nikaupima tena. Kilichopungua ndiyo maji. Kisha nilifunika ndoo kifudifudi juu ya udongo, nikasubiri, nikavuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano kupitia kitundu chenye mpira, nikaiingiza kwenye vichupa vya kupelekwa maabara. Watu waliopita njiani walisimama kumtazama mtu mzima akiichoma ndoo sindano. Sikujali. Nilikuwa na mshahara tena.

Kabla ya kwenda kwenye majaribio yake mengine, upande wa Kibaigwa, mtaalamu aliniachia sharti moja. Angerudi mvua zikikaribia kwisha kufanya kipimo kikubwa, na mpaka siku hiyo jani la kunde lisiguswe. Ardhi ikiwa wazi hangekuwa na cha kupima, naye angehamishia jaribio kijiji kingine pamoja na kazi yangu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mbuzi wote wa jirani nawafahamu.

Mbuzi hawakunisumbua. Aliyenisumbua ni mkwe wangu.

Mama mzaa mke wangu aliishi ng'ambo ya uzio wetu wa miti, na hakuna mboga aliyoipenda kama majani ya kunde. Ukooni kwao mboga iliyo shambani kwa ndugu haiombwi. Mwanamke anapita na kikapu, anachuma majani machanga, anakwenda zake. Kuomba ni kumtukana mwenye shamba, kama vile unamdhania uchoyo. Basi mama alipita shambani kwangu kila jioni, na kila asubuhi niliona sehemu ya udongo imefunguka kama kichwa chenye mapunye.

Sasa, mimi kumkataza ilikuwa haiwezekani. Mkwe haongei na mama mkwe ana kwa ana. Akimwona njiani, anaacha njia. Jioni moja nilivaa koti la suti yangu nikasimama katikati ya kunde, nikidhani ataona kuna ulinzi. Alipotokea na kikapu chake, miguu yangu ilinitoa shambani yenyewe kwa heshima, nikaenda kuinama nyuma ya kichuguu mpaka alipomaliza kuchuma. Sijui kama kuna mlinzi mwingine aliyewahi kumkimbia mwizi kwa adabu.

Nilimwomba mke wangu aseme na mama yake. Aliniangalia kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Nikamwambie mama nini? Kwamba mume wangu anamhesabia majani?"

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao bado unanikereketa. Usiku ule, tukila, nilisema kwa sauti ya kitaalamu kwamba zile ndoo hazikufunikwa bure. Nilisema kunde za jaribio zinatoa hewa mbaya, hewa hiyo inakaa kwenye jani, na mtu akila, tumbo linaweza kuvimba, hasa la mtoto. Nikaongeza kwamba mtaalamu mwenyewe ndiye aliyeniambia. Mke wangu aliweka tonge lake chini. Nami nikala vizuri, nikijiona mtu mwenye akili.

Kesho yake mama hakuonekana shambani. Keshokutwa pia. Majirani walianza kunisalimia kwa mbali, na mmoja alimwuliza mke wangu kama na kunde zake, ambazo hazikupandwa na mtaalamu, nazo zinapumua. Kunde zangu zikafunga udongo tena. Nilipima, nikaandika, nikafurahi.

Halafu, asubuhi moja ya karibu na siku ya kipimo kikubwa, nilifika shambani nikamkuta mkwe wangu amefika kabla yangu. Alikuwa na jembe, na kanga ameizungusha puani. Kunde zote zilikuwa zimeng'olewa na kupangwa marundo pembeni. Ndoo zote zilikuwa zimegeuzwa, midomo juu, ili hewa itoke iende zake. Nilijificha nyuma ya mtama, uliokuwa mwembamba, na mimi wakati ule sikuwa mwembamba.

Hakugeuka. Alisema akiuelekea mtama.

"Kama mtu aliyeko hapo ni mkwe wangu, akapumzike nyumbani. Nimemaliza. Wajukuu zangu hawatalala karibu na sumu eti kwa sababu baba yao anaona haya kumkatalia mgeni."

Mtaalamu aliporudi, nilimwambia ni mbuzi. Aliyatazama yale marundo.

"Baba, mbuzi gani anapanga marundo?"

Nikamweleza yote. Alianza kucheka, akafika katikati akaacha. Alichuchumaa, akashika udongo uliokwisha kupauka juani, akasema kwa upole kwamba hapa hakuna tena cha kupima. Lakini lililomuumiza zaidi lilikuwa jingine. Njiani ameona kunde zimeng'olewa na kwenye mashamba ya watu wengine. Alisema nimrudishe mama kwenye mboga yake, na majirani watamfuata. Nile kunde hizo mbele yake, basi.

Mke wangu ndiye aliyemfafanulia kwamba mkwe kula mbele ya mama mkwe ni aibu kubwa kuliko kusema uongo. Mtaalamu alifikiri kidogo, akauliza kama kuna aibu mama akisikia tu.

Basi kunde zilipikwa kwa karanga. Mama aliletewa kigoda upande wake wa uzio, akakaa ametupa mgongo. Mimi nikakaa upande wangu na sahani. Mke wangu akasimama penye mwanya, na majirani wakajikuta wote wana shughuli karibu na hapo. Nikaanza kula.

"Mwambie mkwe wangu atafune kwa nguvu," mama alimwambia binti yake. "Sisikii kitu."

Nikatafuna kwa nguvu.

"Mwulize kama amemeza."

Nilipomaliza sahani, nilimwambia mke wangu amweleze mama kwamba nilidanganya. Mke wangu alisema amechoka kuwa simu, leo nijisemee. Nikauambia uzio.

"Mkwe, kunde hazina ubaya. Nilitunga. Nilitaka usichume mpaka kipimo kipite."

Nilisikia kigoda kikisogea.

"Mwambie mkwe wangu," alisema hatimaye, "angelaza tawi la miba mlangoni pa shamba. Nani angevuka miba?"

Majirani walicheka mpaka mtaalamu akaomba aelezwe. Ni kweli kabisa. Tawi la miba likilazwa mlangoni pa shamba, kila mtu anajua pana sababu, anapita bila kuuliza na bila kuchukia. Mke wangu alilijua hilo, na mimi nilikuwa nimeliona kwa macho yangu mara nyingi. Lakini nilikuwa mtu wa vichupa na mizani, na miba haikunijia akilini.

Jaribio lilihamishwa. Nilisaidia kupakia ndoo kwenye gari, nami nikarudi kwenye mtama mtupu usio na mshahara. Mama aliuliza kutoka ng'ambo ndoo zinakwenda wapi, akajibiwa kijiji kingine.

"Wapeni pole watu wa huko," alisema.

Mwaka uliofuata nilipanda kunde mwenyewe, nyingi kuliko zile, mpaka karibu na uzio wake. Mama alirudi kuchuma kila mahali, kwa kaka zake, kwa majirani, ila kwangu alipita akiangalia mbele. Majani yalizeeka yakawa magumu. Mke wangu alianza kuchuma yeye yale machanga yaliyochipua, akimpelekea mama yake na kusema yametoka kwa jirani. Jioni nilimsikia mama akila na kumsifu jirani kwa kunde laini namna ile, mtu asiye mchoyo, asiye na maneno mengi.