Kile Kitu Kifuani mwa Wangeci

Mkitaka kusema nimetunga, semeni. Mimi niliishia darasa la nane, sina akili ya kutunga jambo kama hili. Mikono iliyoligusa ni hii hapa, na mpaka leo naiosha mpaka inachubuka.

Mimi ni msusi, hapa mtaa wa Waithaka, Nairobi. Saluni yetu ni ya mabati, viti viwili na draya moja, lakini kichwani nina yangu tayari kule Westlands, yenye sinki la maji moto na wateja wanaoletewa kahawa. Mteja pekee ambaye hakuicheka ndoto hiyo alikuwa Wangeci. Si jina lake la kweli. Alikuwa na kifafa, na hapa mtaani tuliojua ni mimi na mama yake tu. Madaktari walimwekea mashine chini ya ngozi ya kifua, bapa kama saa ya mkono, na waya wake ukapanda mpaka kwenye mshipa wa fahamu shingoni. Alinieleza nikimsuka: mashine inausikiliza mwili, inajifunza tabia zake, ikisikia kifafa kinakuja inaupiga ule mshipa kabla hakijafika. Ikipiga, sauti ya Wangeci ilikuwa ikikwaruza kidogo kisha inarudi. Nilikuwa namtania kwamba ana DJ shingoni, naye anacheka kwa sauti zote mbili.

Sasa sikia. Alhamisi moja, saa tisa mchana, mvua inanyesha, niko peke yangu, Wangeci akaingia. Hakusalimu, yeye ambaye "sasa mrembo" yake huanzia barabarani. Aliketi akainamisha kichwa, nikajua anataka kufumuliwa. Nikaanza upande wa kushoto.

Niamini, harufu ndiyo ilitangulia. Dawa kali ya kuchoma macho, na chini yake kitu kitamukitamu, kama nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria. Kichwa kilikuwa baridi. Nilipovuta rasta ya tatu, ngozi ikaifuata. Iliteleza juu ya fuvu kama utando juu ya maziwa. Matapishi yakanifika kooni nikayameza, maana unawezaje kumtapikia rafiki yako?

Nikamuuliza kama anaumwa. Akajibu kwa ile sauti ya kukwaruza, na safari hii haikurudi.

"Bado inanisikiliza. Haisikii kitu, kwa hivyo inapiga tu. Waambie waitoe."

Niligeuka kuchukua taulo. Kumtazama tena, kiti kitupu, kimelowa maji ya manjano.

Nilikuwa bado nakipangusa simu ikalia. Mama yake. Wangeci alifariki Jumapili, akasema, yuko mochari, anazikwa kesho, na yeye kama mama anataka mwanawe asukwe na mtu aliyemzoea. Huku kwetu msusi wako ndiye anayekutengeneza mara ya mwisho. Hiyo huwezi kukataa.

Asubuhi mhudumu wa mochari akaniuliza kama nilikuja jana, maana kuna mtu amefumua rasta tatu za kushoto. Niliweka kiganja shingoni mwa Wangeci. Mshipa ukaruka. Ukatulia, ukaruka tena, chini ya ile ngozi iliyokufa, kama funza anayetafuta pa kutokea.

Nilimvuta mama yake kando nikamwambia mashine bado imo, inamsumbua, tumwambie mhudumu amwite daktari. Akatazama mlangoni. Pale nje walikuwa watu wa kanisa, na wazee wa yule kijana anayemchumbia mdogo wake Wangeci. Wakisikia neno kifafa, alininong'oneza, watasema ni ugonjwa wa ukoo na posa itakuwa imekwisha.

"Aliyekufa amekufa, msichana wangu. Huyu mwingine bado anataka kuolewa. Suka."

Nikasuka. Sitawadanganya, hilo ndilo linanichefua kuliko ile ngozi: kwamba nilisuka, tena vizuri, mistari imenyooka, huku shingo ikirukaruka chini ya vidole vyangu na mhudumu yuko hatua mbili tu. Neno moja lingetosha. Tukamzika nayo.

Mdogo wake aliolewa. Mama yake akipita hapa saluni hutazama upande wa pili. Mimi bado nasuka, bado naota ile saluni ya Westlands, ila mteja akiwa na mafua tu, sauti ikikwaruza, nakimbilia nyuma kutapika. Maziwa siyagusi. Na Wangeci hajarudi tena. Mngedhani nafurahi? Kila mvua ya mchana naangalia mlango, nimwombe msamaha.

Kwa hivyo wewe unayesoma: kama kwenu kuna aliyewekewa mashine mwilini, msimfiche kama dhambi. Akifa, semeni, hata wakwe wakiwa wamesimama hapo. Wacha posa ivunjike. Kitu kile kimefundishwa kumtafuta mtu wenu, na hakuna aliyekifundisha kuacha. Mwiteni daktari akitoe kabla jeneza halijafungwa.