Sufuria ya Mama Iliyotuchagulia Mtaa

Enzi zetu, na ninyi mliocheza mchezo wa kati kwa mpira wa makaratasi mtanishuhudia, mama hakuhamia mtaa kwa sababu ya rangi ya ukuta. Aliuliza maji. Kijana wa leo ukimwambia kwamba maji ya mtaa huu na ya mtaa ule yana ladha tofauti, atakuuliza ni ya chupa ya kampuni gani. Sisi tuliokulia Ukambani tulijua tofauti hiyo kwa ulimi, na kwa tumbo pia. Ndiyo maana mtaa wetu wa kwanza mjini haukuchaguliwa na baba aliyepata kazi, bali na sufuria ya mama yenye kitako cheusi ti.

Tulikuwa tukiishi Kitui, upande wa Mutomo, katika boma la susu, mama yake baba. Nakumbuka mlio wa mchi susu akitwanga mahindi ya muthokoi yatoke maganda, ukwaju tuliofyonza hadi meno yakatiwa ganzi, na ubao wa shule tulioupaka weusi wa betri kuukuu kila muhula ulipofunguliwa. Kila kitu kilikuwepo pale isipokuwa baba. Alikuwa fundi katika kundi la kuchimba visima. Leo wako Mutha, baada ya miezi wako Kambu, na siku zote wanalala kwenye hema. Kwetu alikuwa baba wa mwisho wa mwezi. Alifika Jumamosi na mkate uliofungwa kwa gazeti, akaondoka Jumapili baada ya kanisa. Tulipocheza kalongolongo, mchezo wa baba na mama, aliyekuwa baba aliingia na mfuko, akanywa chai ya matope, akaaga. Hatukujua kwamba baba ana kazi nyingine nyumbani. Siku moja mdogo wangu Kioko, akiwa na miaka mitatu, alimwuliza susu mbele ya baba mwenyewe, "Huyu mgeni analala hapa?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba alijaribu kucheka nao, ikamshinda.

Kisha, miaka ya sabini ikielekea kwisha, akapata kazi mpya ya kutunza pampu za maji katika mji wa Wote. Kazi ya kukaa mahali pamoja, yenye likizo na kofia. Akaja mbio, hata mwezi haujaisha, akatuambia tufunge mizigo.

Susu akatoa sauti ya kuguna. Wanaume wengi wakati huo waliacha wake zao nyumbani walinde shamba, na susu aliona hivyo ndivyo dunia ilivyopangwa. "Mjini mtalima wapi? Barabarani?" Mama hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Nitaenda nionje maji."

Kwa asiyejua, maji ya chumvi hayaivishi maharagwe. Utachochea kuni mpaka ukuni wa mwisho, na isyo yako, yale mahindi na maharagwe tunayokula siku zote, itabaki ikigongana ndani ya sufuria. Kwa hiyo mama aliweka sharti. Atapika isyo katika kila nyumba atakayoonyeshwa. Ikiiva, tunahama sote. Isipoiva popote, anarudi Mutomo, na baba aendelee kutuletea mkate. Mimi, Mwende, nilichaguliwa kwenda naye kwa sababu nilikuwa kifungua mimba, nina miaka tisa, na nilijua kuangalia moto. Sikumwambia mtu, lakini nilimtaka yule baba kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nyuma ya soko. Baba alituzungusha ndani kama mwenye nyumba ni yeye.

"Mama Mwende, angalia hii simiti. Hata nyoka akiingia atateleza."

"Simiti inaliwa na mboga gani?" mama akauliza, akapanga mawe matatu uani na kuwasha moto. Mwenye nyumba alisimama mlangoni mdomo wazi. Alikuwa amezoea wapangaji wanaouliza habari za kufuli. Tulipika tangu asubuhi hadi saa nane. Mama akatoa punje moja, akaitafuna, akamtupia kuku. Kuku akaidonoa mara mbili, akaenda zake.

Baba naye akajaza mdomo. Tulisikia taya likilia. "Imeiva," akasema, macho yamemtoka. "Ila imeiva kwa ndani."

Nyumba ya pili ilikuwa karibu na kanisa, na hapo baba alidhani amemweza, kwa maana mama alipenda kwaya kuliko sukari. Kweli wakati tunapika watu walikuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo, na mama akawa anaimba sauti ya pili huku akichochea. Lakini kisima kilikuwa kingine, chumvi ni ileile. Hata chai tuliyopikiwa na jirani ilikatika maziwa. Mama alimaliza wimbo, akazima moto, akashukuru kwa chai.

Jioni tulikaa katika chumba kimoja alichokuwa amepanga baba. Mama akasema taratibu, bila ugomvi, "Kesho ni nyumba ya mwisho. Ikikataa, mimi na Mwende tunapanda basi. Wewe utakuwa unakuja mwisho wa mwezi. Si tumezoea?"

Baba aliendelea kukwaruza sahani ambayo haikuwa na chakula.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mjane mmoja aliyeitwa Mama Ndunge, kwenye njia ya kuelekea Matiliku. Vyumba viwili vya matofali, sakafu ya udongo, na nyuma kijishamba cha kupanda kunde. Niliona mama akikitazama kile kijishamba mara mbili. Akabandika sufuria, akanituma dukani nilete chumvi, na hapo ndipo shetani aliponipata. Nikamwambia mwenye duka, "Na mama amesema uniongezee magadi." Magadi, kama mjuavyo, yanalainisha hata jiwe, na mama hakuyapenda jikoni mwake, alisema ni dawa ya wapishi wavivu.

Niliporudi, mama alikuwa shambani na Mama Ndunge wakipima udongo kwa vidole. Kabla sijafungua karatasi yangu nikamwona baba akitokea nyuma ya nyumba, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, kama mwizi wa kuku. Akatoa kifurushi cha gazeti ndani ya koti, akamimina kitu cheupe ndani ya sufuria, akakoroga kwa kijiti, akapotea.

Ningemwachia hapo, mambo yangekwenda vizuri. Lakini nikafikiri, huyu ndiye aliyesema isyo imeiva kwa ndani, mapishi hajui. Nikaongeza yangu yote.

Ile sufuria ilianza kunguruma. Povu likapanda, likasukuma kifuniko, likamwagikia moto. Saa tano hata haijafika, mahindi yalikuwa yamepasuka, maharagwe yamekuwa uji wa rangi nisiyoijua, na uani kote kunanukia kama siku ya kufua mablanketi.

"Mnaona?" Mama Ndunge akasema kwa haraka. "Maji ya hapa ni baraka tu."

Mama akachota kwa mwiko, akapuliza, akaonja. Alimeza kwa shida. Akamtazama baba, baba alikuwa anahesabu misumari ya paa. Akanitazama mimi, nikatazama vidole vya miguu. Akamgeukia Mama Ndunge, ambaye ghafla alikumbuka kuna kuku wa kufukuza.

"Maji ya huku yana nguvu," mama akasema. "Tutahamia hapa. Sasa leteni sahani, ninyi watatu."

Tulikula. Baba aliongezwa mara mbili bila kuomba. Jumapili iliyofuata nilitubu kwa kumdanganya mwenye duka, na tumbo langu likatubu kivyake. Ilikuwa miaka mingi baadaye, tukiwa msibani kwa jirani, Mama Ndunge aliponinong'oneza kwamba na yeye aliweka kijiko kimoja cha magadi asubuhi ile, mama alipokwenda kutafuta kuni. Alikuwa amechoka kukaa peke yake.

Tulihama kabla shule hazijafunguliwa, na yale maji yenye nguvu hayakuivisha hata ndengu. Mama alikuwa akitembea hadi mtoni, anachimba mchangani, anangoja maji matamu yajikusanye, anachota kwa kata mpaka debe lijae. Baba alipoona hivyo akaanza kuamka mapema, akafunga madebe mawili kwenye baiskeli na kwenda yeye. Wanaume sokoni walimcheka sana. Fundi wa maji wa serikali anachota maji kama bibi harusi! Baba aliwapigia kengele na kupita. Na saa kumi na moja jioni alikuwa mlangoni akivua kofia. Wiki ile ya kwanza Kioko alimkimbilia akimwuliza, "Leo ni mwisho wa mwezi?" Hapo sasa baba alicheka, akambeba begani na kumzungusha uani.

Nilikuja kumwuliza mama habari ya sufuria ile nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Alikuwa anachambua kunde, hakuinua hata kichwa. "Yale maharagwe hata mbuzi angekataa," akasema. "Lakini mwanamume mzima anatembea na magadi kwa koti. Ningemwachaje alale peke yake?"

Juzi mwanangu Mutua alipata kazi mpya Nairobi. Walipokuja kwangu na watoto, mkewe, Mueni, akakaa nami sebuleni na simu, akinionyesha mitaa. Huu una lifti. Huu una bwawa la kuogelea, na watu wenyewe hawajui kuogelea. Huu una mtandao wenye kasi. Maji? Yanatoka mferejini, mama, nani anauliza maji siku hizi? Nikakubali kwamba picha ni nzuri. Nikamwambia pia kwamba wajukuu wangu nikiwapigia simu usiku, baba yao huwa bado yuko barabarani, na asubuhi wakiamka ameshaondoka, na hali yeye na Mutua tangu waoane hawajawahi kuishi nyumba mbili.

"Kwani wewe, mama, ungeangalia nini?" Mueni akaniuliza.

"Ningeangalia kutoka hapo bwanako atafika nyumbani saa ngapi."

"Hiyo hawajaweka kwa simu," akasema, na tukacheka, yeye na mimi na watoto.

Mutua hakucheka. Alimwomba mkewe ile simu, akaenda kukaa nayo karibu na dirisha, akaanza kutafuta upya.