Shata Iliyoogopa Baridi

Mashine ya kupima maziwa ilipoletwa kwa chama chetu cha wafugaji huku Kapseret, mwenyekiti aliipokea kama bibi harusi. Iliombewa, ikapigwa picha, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuiendesha. Unamimina maziwa kwenye kachupa, mashine inayamulika, na kompyuta inachora mstari unaoonyesha mwanga gani umepita na gani umemezwa. Kati ya taa na maziwa kuna kamlango kadogo ka chuma, shata. Ikifungwa, mashine inapima giza. Ikifunguka, inapima mwanga. Basi, hiyo ndiyo sayansi yote.

Wiki ya pili, baridi ilipozidi, mashine ikasema maziwa ya mama yangu yana maji.

Mama yangu! Mwanamke anayefika kwenye foleni kabla hata mlinzi hajafungua geti, na anayewahesabu wanaochelewa kuamka kuwa wagonjwa.

"Maji?" akauliza. "Maji ya nani?"

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Halafu mwalimu mmoja mstaafu akasema kwa sauti ya darasani, "Mgema akisifiwa tembo..." na wengine wakamalizia pamoja, "...hulitia maji!" Nilitamani kummwagia huyo mzee kachupa kichwani.

Maziwa yakarudishwa nyumbani. Kesho yake yakarudishwa tena. Ilipofika Jumapili, akina mama wa kanisa waliokuwa waje kuomba kwetu wakahamia kwingine, ati kwetu ni mbali. Mbali! Na miaka yote wanakuja kwa miguu, wanakula, wanabeba mpaka mboga.

Mama hakulia. Alikaa jikoni akaniuliza, "Wewe unaniamini mimi ama unaamini hicho kitu?"

"Nakuamini, Mama."

"Sasa mbona kila asubuhi unakiwasha?"

Iliniuma mpaka nikashindwa kula.

Kesho yake niliiangalia ile mashine kwa macho ya uadui. Kulikuwa na ile baridi yetu ya alfajiri inayofanya hata ng'ombe wagome kusimama. Nikamimina maziwa ya mama, nikabonyeza. Mstari ukatokea kwenye kompyuta. Ndipo nikasikia shata: tak.

Ngoja kwanza. Jibu limetoka, halafu ndipo mlango unafunguka?

Nikakumbuka: fundi wa kutoka mjini aliiweka mashine mchana, jua likiwaka, akaiambia programu isubiri milisekunde chache tu baada ya kuamuru shata ifunguke, ndipo isome. Mchana zinatosha. Asubuhi grisi imeganda, shata inajikokota, mwanga unapita kidogo, na mashine inadhani ule mwingine umemezwa na maji. Ndiyo maana aliyekuwa akirudishwa ni mama, wa kwanza kufika kila siku. Walalaji wote walikuwa watakatifu.

Nilikimbia kwa mwenyekiti.

"Usiguse settings," akasema. "Ukibadilisha leo, watu watasema umemsafisha mamako."

Alisema kweli, na hiyo ndiyo ilinichoma zaidi.

"Sawa, Mzee. Kesho leta maziwa yako, na uwe wa kwanza."

Akacheka sana. Mwenyekiti huwa anafika baada ya chai ya pili. Lakini alikuja, makoti mawili mwilini, akilalamika kama mtoto wa bweni. Nikamimina maziwa yake mbele ya watu wote. Kompyuta ikachora.

Maji. Tena kumshinda mama.

"Ooi!" foleni ikalipuka. Mwalimu mstaafu alifungua mdomo, mwenyekiti akamwangalia, akaufunga. Nikawaomba wote wanyamaze, nikapima tena. Jibu kwanza, halafu tak. Hata wa nyuma walisikia. Hapo ndipo nikafungua ukurasa wa shata, nikaongeza muda wa kusubiri, nikapima giza upya, kisha yale yale maziwa ya mwenyekiti. Safi. Nikapima ya mama. Safi, na mafuta kushinda ya mwenyekiti, jambo nililolisoma kwa sauti bila kuulizwa na mtu.

Jioni mwenyekiti alikuja kwetu kuomba msamaha. Mama alimkaribisha vizuri kabisa. Alimpangusia kiti, akatoa kikombe cha wageni, akaleta thermos na kumimina polepole.

Maji ya moto. Matupu. Hata majani ya chai hayakuwemo.

Mwenyekiti akaangalia kikombe. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia dari.

"Kunywa, Mzee," mama akasema. "Ni maziwa ya ng'ombe wangu. Si mlipima wenyewe?"

Akanywa mpaka chini. Mama akamwongezea.