Tulivyofupisha Somo la Mdalasini

Ile video niliikata mimi. Bosi ndiye aliyeamuru, lakini aliyebonyeza ni mimi.

Mradi mmoja ulitupa kazi ya kutengeneza video za kuwafundisha wakulima wa Matombo kuvuna mdalasini. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mjane, mvunaji tangu usichana wake. Nilimrekodi asubuhi nzima. Alianza kwa kukata shina karibu na ardhi, mkato wa mshazari, maji ya mvua yasituame kwenye kisiki.

"Usiambue gome mti ukiwa umesimama," alisema. "Kata kwanza, kisiki kitachipua. Ukiambua umesimama, umeua."

Ndipo akakaa chini, akaanza kuambua taratibu.

Tuliporudi mjini, bosi aliitazama video nusu tu.

"Dakika tatu, kaka. Anzia pale gome linapobanduka, panapendeza."

"Lakini somo lenyewe liko kwenye kukata."

"Kukata mti nani hajui?"

Nikafungua kompyuta, nikaikata. Tukaondoa sauti ya yule mama, tukaweka muziki na sauti laini ya dada wa mjini. Wafadhili walipiga makofi.

Mwaka uliofuata nilitumwa tena Matombo. Nilimkuta yule mama uani kwake anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Aliinuka, akanipeleka shambani kwa jirani yake aliyeanza kuvuna mdalasini juzijuzi. Miti ilikuwa imesimama pale pale ilipoota, imevuliwa magome mpaka usawa wa kifua, majani yote yamekauka.

"Alifuata video yenu kwenye simu," mama alisema. "Namwambia nilisema kata kwanza, ananionyesha video: mbona humu hukusema? Sasa hanisalimii. Hata kanisani anahama benchi."

"Mama, ni mimi niliyekata maneno yako."

"Najua. Nilikuwa nasema na wewe, tulikuwa wawili tu pale; wewe ndiye uliyesikia."

Nilimwomba turekodi upya, bure, kwa simu yangu. Alikataa, akarudi kwenye maharage yake.

Nilimsihi bosi aiondoe ile video. Akacheka. "Iondolewe, wakati ndiyo inayotuletea kazi?"

Niliacha kazi miezi miwili baadaye, na sikujisikia shujaa hata kidogo. Video bado ipo. Juzi niliifungua, nikakuta mtu ameandika chini yake: asante, nimeelewa, kesho naanza na miti yangu. Nilimwandikia akate kwanza. Hajanijibu.