Arobaini ya Kishingo

Bi Mahfudha alikuwa na kuku mmoja tu, kishingo, wale wasio na unyoya hata mmoja shingoni, na kuku huyo ndiye aliyekuwa akimweka Nizwa, huko Oman. Msicheke. Mumewe alipofariki, binti yake Ahlam, anayefanya kazi wizarani Maskati, alikuja juu: mama ahamie kwake, kwenye fleti ya ghorofa ya nne, asikae peke yake katika nyumba kubwa. Bi Mahfudha akasema hataki. Ahlam akasema tutaona. Bi Mahfudha akasema tena hataki, Ahlam akenda zake kupima pazia za chumba cha mama. Mwisho bibi wa watu akaropoka, "Na kuku wangu nimwachie nani?"

Ahlam hilo hakuwa amelifikiria.

"Basi Mama, kaa na kuku yako," akasema. "Ikifa, khalas, nakuja kukuchukua."

"Haya, nimekubali," akajibu Bi Mahfudha, akajiona kashinda. Kuku mwenyewe kijana, ana afya, anataga kila uchao. Nani angefikiria mauti?

Basi ikaja Januari. Wanaoijua Oman kwa joto lake tu, na wapite Nizwa mwezi huo, upepo unaposhuka kutoka milima ya Jabal Akhdar, uwaingie mifupani ndipo waseme. Asubuhi moja kishingo alikutwa kajikunyata pembeni mwa banda, manyoya yamempukutika mgongo mzima, hali, hatagi, anatazama ukuta. Zamani alikuwa uchi shingo; sasa maskini alikuwa uchi karibu wote, anatetemeka.

"Mtume!" Bi Mahfudha akashika kichwa. Akaiona fleti. Akaiona lifti.

Mwingine angempeleka kwa daktari wa mifugo. Lakini Bi Mahfudha alilelewa Unguja na bibi yake, aliyekuwa akiwakanda wazazi waliotoka kujifungua wa mtaa mzima, na ugonjwa ule aliujua kwa kuutupia jicho tu: baridi ya uzazi. Hebu fikirini wenyewe, kiumbe kinazaa kila siku toka Ramadhani, hakijakaa arobaini hata mara moja! Ajabu ingekuwa baridi isimwingie.

Akamtia ndani. Akampa majlis, kile chumba cha wageni chenye zulia la fahari na hita pekee ya nyumba. Akamkanda kwa maji ya vuguvugu, akamfukiza ubani, akamfunga mkaja wa kanga tumboni, nao ukazunguka na kuzunguka maana tumbo lenyewe halizidi ngumi. Shingoni akamvisha soksi ya sufu ya marehemu mumewe, kaikata ncha ili kichwa kipite.

Kwenye supu ndipo alipokwama. Mzazi hunyweshwa supu ya kuku, hilo halina mjadala. Alisimama mbele ya friza, mlango wazi, anamtazama kuku wa friza, anamtazama wa zuliani. "Astaghfirullah," akasema, akaufunga. Akachemsha papa mkavu wa Sur, kule pwani, kwa pilipili manga na tangawizi, akamnywesha kwa kijiko cha chai. Kishingo akaitema yote kwenye zulia. Bi Mahfudha akajaza kijiko cha pili.

Yeye mwenyewe akawa analala chumbani kwake, penye marumaru baridi kama barafu, bila hita. Blanketi zito alikuwa kampa mgonjwa.

Jirani yake, Bwana Marhoun, mzee mzaliwa wa Pemba, akawa anaona moshi wa ubani kila siku na pazia za majlis zimefungwa. Mtu na jirani yake bwana. Akanunua machungwa, akaja.

"Hodi! Nimekuja kumtazama mgonjwa."

"Karibu, yumo majlis."

Akavua viatu, akaingia kainamisha macho kwa heshima, akanyanyua mikono. "La ba's, tahur inshallah," akasema, kama aambiwavyo kila mgonjwa, akasoma na dua ndefu ya kuomba shifaa, akapangusa uso, ndipo akatazama. Kuku naye akamtazama kutoka ndani ya soksi.

Lakini Bwana Marhoun ni mtu wa adabu, na dua ikishatoka hairudishwi. Akaketi. Akanywa kahawa, akala halwa.

"Na kula, anakula?" akauliza.

"Kidogo kidogo, alhamdulillah," Bi Mahfudha akajibu kwa sauti ya kukwaruza, mara kikohozi kikamshika mpaka akaimwaga kahawa. Bwana Marhoun akayaona macho mekundu na midomo iliyokauka. Akaaga, na alipofika nje tu akampigia simu Ahlam.

"Njoo, binti yangu. Mgonjwa nimemwona. Na yule aliyevaa soksi nimemwona pia. Yule mzima."

Ahlam akaja mbio, akamkuta mama yake jikoni, kashika ukuta kwa mkono mmoja, kwa mwingine anakoroga supu.

"Mama, una homa! Mwili unawaka moto!"

"Mimi sikuwemo kwenye sharti," akasema Bi Mahfudha, meno yanagongana. "Sharti lilikuwa la kuku. Nenda kamtazame. Jana kataga."

Ahlam akenda majlis, akacheka mpaka akashikilia mlango. Kisha akapita chumbani kwa mama yake, akaona kitanda kina shuka moja jepesi, na kile kicheko kikamkauka. Akarudi jikoni kwa hasira.

"Ungekufa, Mama! Kwa sababu ya kuku!"

"Kwa sababu ya nyumba yangu."

"Si ungesema tu kama hutaki kuja!"

Bi Mahfudha akaweka mwiko chini.

"Nimesema, Ahlam. Nimesema mpaka nimechoka. Mimi mamako nikisema, hunisikii. Nilipokutajia kuku, ukasikia papo hapo."

Ahlam machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Akamshika mama yake mkono, akampeleka majlis, akamsogeza kuku pembeni, akamlaza mbele ya hita na kumfunika lile blanketi. Supu ya papa akaimimina kwenye bakuli, akakaa zuliani, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka ikaisha. Maskati hakuitaja, si siku ile wala baadaye.