Turubai Nililolisugua

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi ukungu ulifunika mlima wote, hata migomba ya jirani sikuiona vizuri. Jua lilitoka saa tano, hafifu, na hapo ndipo tulipothubutu kulifungua tela.

Ni tela la kukunja, la mtumba. Ukilifungua, linasimama hema la turubai juu yake, na vitanda ndani. Marehemu mume wangu alilinunua miaka sita iliyopita kwa mzungu aliyekuwa anahama Kisongo. Tangu tumzike, limekaa nyuma ya nyumba hapa Kimandolu. Kikao cha ukoo, siku ya kugawa vitu vyake, kilisema apewe mdogo wake, anayepeleka wageni kupiga kambi. Shemeji akasema, "Nitalichukua, ingawa kaka aliuziwa bovu." Sikumpinga. Maneno hayo yalianzia kwangu.

Niyaandike yalivyokuwa, ingawa sijui kama nayaandika sawasawa. Mume wangu alipolileta, turubai lilikuwa limefubaa, lina vumbi na madoa ya kuvu. Niliona aibu kulipeleka kwa wakwe likiwa vile. Nikachukua maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, nikalisugua siku nzima kama ninavyosugua kola za mashati ya shule. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la tano, alikuwa ananiletea ndoo. Likatakata. Majirani walilisifu. Wiki iliyofuata tukapanda nalo shambani kwa mama mkwe, huko juu Meru, watoto wakiimba njia nzima. Saa kumi mvua ikashuka. Haikupita nusu saa, maji yakawa yanadondoka kwenye magodoro. Tulikimbilia jikoni kwa mama mkwe tumelowa chapachapa, na mbele ya mama yake nikamwambia mume wangu, "Umetununulia takataka za wazungu."

Alijibu tu, "Mvua ilikuwa kubwa."

Hatukulala tena kwenye hema lile.

Leo nilimwita fundi mmoja mzee anayeshona mahema ya watalii, alikague kabla sijalikabidhi. Shemeji atalaza watu humo, na si haki kumpa mtu kitu usichokijua.

"Shikamoo babu," binti yangu alimsalimu.

"Marahaba mjukuu. Shika kona hiyo, lisiburuzike chini."

Tulifagia ndani kwa ufagio laini, tukafuta kuvu kwa kitambaa na maji matupu, kama fundi alivyotuelekeza. Zipu moja imekufa. Neti ina tundu la kupitisha kidole. Uzi wa mshono mmoja umeoza. Hayo yote alisema ni ya kurekebisha. Halafu akachovya vidole kwenye ndoo, akarusha matone juu ya paa. Turubai likayanywa yote, kama mkate kwenye chai. Akainua kile kipande kinachofunika mshono wa juu, mahali ambapo brashi yangu haikufika, akarusha tena. Matone yakaviringika yakaanguka, kama kwenye jani la gimbi.

"Umeona, mama? Hili ni turubai zuri kabisa. Limeuawa na sabuni. Maturubai haya yana dawa yake ya kuzuia maji. Ukiyafua kama shuka, dawa yote inatoka."

Yeye akaendelea, hana habari.

"Na marehemu nilimwambia hivihivi. Alikuja kuniuliza mliponyeshewa. Akasema, basi fundi, ni mimi niliyelifua. Nilimcheka! Mwanaume mzima na sabuni ya unga!"

Binti yangu aliniangalia, kisha akainamia ndoo.

Nikajifanya natafuta sindano kwenye sanduku la mbele la tela. Humo, chini ya jeki, nilikuta kopo la dawa ya turubai, halijafunguliwa, na brashi mpya bado ina karatasi yake. Sijui kwa nini hakuipaka. Labda alingoja safari nyingine, na mimi kila alipotaja safari nilikuwa nacheka. Labda alisahau tu. Sitaki kumfanya malaika, alikuwa na makosa yake. Ila hili halikuwa lake.

Shemeji alifika saa tisa. Nikamwambia hapohapo, fundi akisikia.

"Shemeji, lile neno la bovu lifute. Kaka yako alinunua kitu kizima. Niliyekiharibu ni mimi, kwa kukifua."

Fundi akashangaa. "Mbona yeye alisema..."

"Fundi nawe! Kaka yangu hakuwahi kufua hata soksi, na wewe ukamwamini?"

Shemeji alicheka, akacheka, mpaka kicheko kikamgeuka. Akaenda kusimama upande wa pili wa tela kwa muda.

Kisha nikampigia simu mama mkwe, maana ni mbele yake nilipomdhalilisha mwanawe. Nilimweleza yote, sabuni, fundi, kopo. Kwa muda nilisikia kuku wake tu.

"Nimesikia, mwanangu," akasema mwishowe. "Lakini hayo ungemwambia yeye."

Hakusema kwa ukali.

Tulipaka dawa mpaka jua lilipofifia. Kopo lilitosha paa tu. Shemeji ameliacha tela likauke, na kuta za turubai bado zinakunywa maji.

Jioni tulikula kiburu, ndizi na maharage, shemeji na fundi wakiwa nasi. Chumvi ilizidi. Wote walisema ni kitamu, nikawaomba wasinifiche.